Tunaulizwa Tunataka Nini, Hatuambiwi Kuna Kiasi Gani

Wanachuo wenzangu, tuanze na hesabu ndogo. Ukinunua bando la shilingi 5,000, takriban shilingi 760 za hapo ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile VAT ya asilimia 18. Bado ushuru wa bidhaa, ambao nao umo ndani ya bei hiyo hiyo. Ukinywa soda kantini, umelipa. Ukipanda bodaboda, mafuta yaliyomo kwenye tangi yameshalipiwa kodi na tozo kabla hujakaa, na dereva anazirudisha kwako kupitia nauli. Kwa hiyo yule anayesema "mimi mwanafunzi tu, silipi kodi, nasubiri bumu" anajidanganya. Analipa kila siku.

Sasa swali: ukishalipa, una sauti gani juu ya matumizi ya hela hiyo? Wengi tunajibu haraka haraka, "napiga kura kila baada ya miaka 5." Sawa. Lakini kura hiyo inachagua mtu. Haichagui kama kijiji chenu kianze na zahanati au kimalizie madarasa mawili yaliyosimama bila bati.

Katika makala haya nina hoja moja. Mwananchi anakuwa na sauti ya kweli kwenye matumizi ya kodi pale mambo matatu yanapokutana: anajua kiasi cha fedha kilichopo kabla hajasema, neno lake linaamua walau sehemu ya fedha hizo, na baadaye anaonyeshwa zilikwenda wapi. Kikikosekana kimojawapo, kinachobaki ni mkutano na mahudhurio. Tuipime hoja hii kwa mifano ya hapa kwetu na ya wenzetu.

Sheria inasemaje?

Kwenye karatasi hatuko vibaya. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 138 inakataza kutoza kodi yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 145 na 146 zinaanzisha serikali za mitaa, na kusema wazi kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Lakini soma mbele kidogo. Ibara ya 99 inaweka masharti kwamba Bunge halishughulikii mambo ya kutoza kodi au kuongeza matumizi ya fedha za umma isipokuwa yawe yamependekezwa na Rais, kupitia kwa waziri. Ibara ya 90 nayo inalitaja Bunge kukataa bajeti ya serikali kuwa mojawapo ya mazingira ambayo Rais anaweza kulivunja Bunge. Maana yake, mbunge wako anaweza kulia na kugonga meza, lakini hawezi kusimama bungeni akahamisha fedha kutoka fungu moja akaongeza kwenye daraja la kwenu. Anaweza kuishauri serikali, kuibana kwenye kamati, na mwishoni kusema ndiyo au hapana. Hapana yenyewe ina bei.

Kwa hiyo tukisubiri hotuba ya bajeti ya mwezi Juni ndipo tuanze kupiga kelele, tumechelewa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mambo makubwa yameshapangwa miezi mingi nyuma. Mahali pa kuangalia ni chini: kijijini, mtaani, kwenye kata na halmashauri.

Kikao kisicho na kiasi

Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 ziliupa Mkutano Mkuu wa Kijiji nafasi kubwa. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Unatakiwa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Mjini kuna mkutano wa mtaa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 tunao pia utaratibu wa kupanga mipango kwa kuangalia fursa na vikwazo vya maendeleo, ambapo wananchi wanakaa, wanaorodhesha matatizo yao na kuyapanga kwa umuhimu. Orodha inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inakwenda halmashauri, madiwani wanapitisha, kisha inasafiri kupitia mkoa na TAMISEMI hadi Hazina.

Ni ngazi nzuri. Shida ni kwamba orodha inapopanda, kitu kingine kinashuka. Kinaitwa ukomo wa bajeti. Hazina ndiyo inayoiambia kila halmashauri itapata kiasi gani na kwa mafungu gani. Kijiji kimeorodhesha vitu kumi, halmashauri ina vijiji vingi vilivyoorodhesha kumi kumi, na ukomo ukifika, maofisa wanakata. Kinachobaki hakikuamuliwa na ule mkutano wa chini ya mwembe. Mwaka unaofuata, watu wanaitwa tena waorodheshe. Vitu ni vile vile. Baada ya miaka mitatu unashangaa kwa nini mahudhurio yameshuka?

Mtu akiulizwa "unataka nini?" bila kuambiwa kuna kiasi gani, atataja kila kitu. Mpe kiasi, hata kidogo, uone anavyobadilika. Mwambie kuna milioni 20, choo cha shule au kivuko cha mto. Hapo ataanza kuuliza bei ya saruji, idadi ya watoto, nani anavuka mto wakati wa masika. Hapo ndipo anapopanga. Mwanzo alikuwa anaomba tu.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilikaa kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi. Ajenda ilikuwa mchango wa vyoo. Mzee mmoja akanyoosha mkono akasema: "Mwalimu, shikamoo ya kikao tumeshamaliza. Sasa tuambie, serikali imeleta kiasi gani mwaka huu, na sisi tunaongezea kiasi gani? Mtu hachangii chungu asichokiona ndani." Mwalimu aliyekuwa anaongoza akajibu kwa heshima, "Mzee wangu, hiyo taarifa itakuja kutoka juu." Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, hata yeye alikuwa anaisubiri. Kikao kikapitisha mchango, na wengi hawakuutoa. Baadaye wazazi wale wakaitwa wagumu.

Sisi tunaosomea ualimu hili tunapaswa kulielewa vizuri, kwa sababu kesho ndio tutakaosimama mbele ya kikao hicho. Kiwango cha serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Darasa la msingi linatakiwa kuwa na wanafunzi 45. Kila mmoja wetu aliyetoka mazoezini anajua alichokikuta. Na anayajua maboma: wananchi wanajitolea mchanga, mawe na maji, wanapandisha kuta mpaka kwenye lenta, kisha wanasubiri bati za serikali. Wameshalipa kodi dukani, wakalipa tena kwa jasho. Angalau wana haki ya kuonyeshwa hesabu.

Nani aliuliza kuhusu matumizi?

Tukumbuke tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021. Serikali ilieleza kwamba fedha zitajenga vituo vya afya na madarasa. Makelele yakawa nchi nzima, na mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kumbe sauti ya wananchi inasikika! Lakini angalia tulichokuwa tunabishania: tunakatwa kiasi gani. Ni wachache waliouliza kituo cha afya kitajengwa tarafa ipi, kwa kigezo gani, na nani ameamua. Tulipambana mlangoni pa kuingilia hela, mlango wa kutokea tukauacha wazi.

Porto Alegre: kiasi kwanza, kisha kura

Mfano unaotajwa sana duniani ni jiji la Porto Alegre, kusini mwa Brazili. Mwaka 1989, chini ya meya Olívio Dutra wa Chama cha Wafanyakazi, jiji lilianza kile ambacho kwa Kiswahili tunaweza kukiita bajeti shirikishi. Jiji liligawanywa kwenye maeneo 16. Kila mwaka wakazi walikutana, kwanza wakasomewa taarifa ya mambo yaliyofanyika na yasiyofanyika mwaka uliopita, kisha wakapiga kura kupanga vipaumbele: maji taka, lami, nyumba, shule. Walichagua wawakilishi wa kukaa na maofisa wa jiji kugawa fedha za uwekezaji kwa kanuni iliyojulikana. Eneo lenye watu wengi na upungufu mkubwa wa huduma lilipata uzito zaidi.

Benki ya Dunia iliandika kwamba nyumba zilizounganishwa na maji safi na maji taka zilipanda kutoka asilimia 75 mwaka 1988 hadi asilimia 98 mwaka 1997. Hatuwezi kusema yote hayo yaliletwa na mikutano, kwani jiji pia lilikuwa limeongeza makusanyo yake. Lakini watu wa pembezoni, waliokuwa wa mwisho kila siku, walianza kuonekana kwenye orodha ya kwanza.

Mfano huu una upande wa pili. Kura haikugusa bajeti nzima. Mishahara na gharama za kuendesha jiji zilibaki pale pale, na wananchi waliamua sehemu ya miradi mipya. Chama kile kiliposhindwa uchaguzi mwaka 2004, utaratibu ulianza kupungua nguvu, na mwaka 2017 ukasimamishwa. Kitu kinachotegemea nia njema ya meya kinaondoka na meya.

Uganda: risiti ukutani

Mfano wa pili ni wa jirani zetu, tena unahusu shule. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo serikali ya Uganda ilikuwa ikituma kwa shule za msingi kwa kila mwanafunzi. Walichunguza shule 250, kwa miaka ya 1991 hadi 1995. Kwa wastani, shule zilipata asilimia 13 tu ya fedha zilizotumwa. Shilingi 100 zinatoka Hazina, 13 zinafika kwa mwalimu mkuu. Nyingine ziliishia njiani, kwenye ofisi za wilaya. Shule nyingi hazikupata hata senti.

Serikali ya Uganda ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, wastani wa fedha zilizofika shuleni ulikuwa umevuka asilimia 80. Wapo wachambuzi wanaosema gazeti peke yake halistahili sifa zote, kwa sababu kulikuwa na mabadiliko mengine ya fedha na elimu wakati huo huo. Nakubaliana nao. Hata hivyo, somo halifutiki: mzazi anayejua kilichotumwa anaweza kuuliza kilichofika. Asiyejua atauliza nini?

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 6,000 kwenda shuleni na 4,000 kubaki kwa ajili ya vitabu. Kwa kiwango hicho, shule yenye watoto 800 inatakiwa kuona shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Hesabu hii haihitaji digrii, mtoto wa darasa la tano anaiweza. Ikiandikwa kwa chaki kwenye ubao wa matangazo, kikao cha wazazi kitabadilika siku hiyo hiyo.

Kenya: haki ya kushirikishwa ina meno kiasi gani?

Kenya wamekwenda mbele kwa upande wa sheria. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 201, inataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa msingi wa mambo ya fedha za umma, na Ibara ya 203 inazihakikishia kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Katika kaunti ya Makueni, wakati wa gavana Kivutha Kibwana, kulikuwa na kamati za wananchi za kusimamia miradi, na mkandarasi alihitaji saini ya kamati ndipo alipwe. Hebu fikiri: mama wa kijijini anashika kalamu, na mkandarasi anamsubiri yeye!

Lakini sheria nzuri haimalizi kazi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa Julai 2024, mojawapo ya sababu ikiwa ni vifungu vipya vilivyoongezwa baada ya wananchi kuwa wameshatoa maoni. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Katikati ya hapo, mwezi Juni, vijana wa Kenya waliuchukua Muswada wa Fedha wa 2024, wakaueleza mitandaoni kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, na watu walipoteza maisha. Kesho yake Rais alikataa kuusaini.

Hili tulisome kwa uzito. Wengi wanakumbuka maandamano, mimi ninakumbuka pia kwamba kabla ya barabarani kulikuwa na kusoma. Watu wa rika letu walikaa na waraka mrefu wa kisheria wakaugeuza kuwa maneno ya kawaida. Na somo jingine linauma: mlango wa maoni ukiwa wa maonyesho tu, watu hutafuta mlango mwingine, na gharama yake inaweza kuwa damu. Kikao kinachosikiliza kweli ni rahisi kuliko yote hayo.

"Wananchi hawajui bajeti"

Wanaopinga wana hoja tatu ninazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza, wananchi hawana utaalamu. Ni kweli hatuwezi kupigia kura unene wa nguzo za daraja. Hiyo ni kazi ya mhandisi. Lakini daraja lijengwe wapi na kabla ya nini, huo ni uamuzi wa anayevuka.

Ya pili, mikutano hutekwa na wenye sauti kubwa. Hii ni hoja nzito. Mama mwenye genge hawezi kukaa kikaoni saa nne asubuhi, na wengi wanaweza kupuuza mahitaji ya wachache, kwa mfano choo chenye mteremko kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu. Ndiyo maana zinahitajika kanuni kabla ya kura. Sheria yetu inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya makundi maalumu, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utekelezaji wake umekuwa na matatizo, lakini wazo la kulinda fungu la wanyonge kwanza, kisha kujadili linalobaki, ni sahihi.

Ya tatu, sehemu kubwa ya bajeti imeshafungwa na mishahara na kulipa madeni. Kweli. Basi tuambiwe hivyo hivyo, na kile kidogo kilicho huru kiwekwe mezani. Kamati ya harusi yenye bajeti ndogo ndiyo inayokaa vikao vingi, maana hapo kila shilingi ina kazi.

Tuanzie hapa hapa

Ni rahisi kuinyooshea kidole Hazina. Sisi wenyewe tuna umoja wa wanafunzi, na kila mwaka kila mwanachama analipa ada. Tuna Bunge la wanafunzi na tuna waziri wa fedha. Napendekeza mambo matatu kwa serikali yetu, na kila moja linaweza kuanza muhula ujao.

Kwanza, kabla ya kikao cha bajeti, jumla ya makusanyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kila kitivo na kila hosteli, pamoja na kiasi ambacho tayari kina wenyewe. Pili, sehemu ya bajeti, hata asilimia 10, iachwe ipigiwe kura na wanachama moja kwa moja: taa za njia ya maktaba, jezi za michezo, mfuko wa dharura kwa aliyecheleweshewa mkopo. Tatu, mwisho wa muhula ibandikwe karatasi nyingine pale pale ilipokuwa ya kwanza, ikionyesha kilichonunuliwa, bei na salio.

Na ukirudi nyumbani likizo, hudhuria mkutano wa kijiji au mtaa. Salimia wazee, kaa, subiri zamu yako, kisha uliza kwa adabu: "Mwenyekiti, mwaka huu tumeletewa kiasi gani?" Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kupata taarifa, na tangu 2016 kuna sheria ya haki ya kupata taarifa yenye utaratibu wa kuomba kwa maandishi. Usiende kugombana na mwenyekiti. Huenda naye hajui, na barua iliyosainiwa na kijiji kizima itamsaidia kuuliza huko juu.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Katika kijiji au mtaa unakotoka, ni lini mara ya mwisho mapato na matumizi yalisomwa mbele ya mkutano? Nani alisoma, na maswali gani yaliulizwa?

2. Je, ni haki kuwaomba wazazi mchango wa ujenzi bila kwanza kuwaonyesha ruzuku iliyopokelewa? Mwalimu mkuu afanye nini kama naye hajapewa taarifa?

3. Kati ya kujua kiasi, kupiga kura na kuona risiti, kama lazima uanze na kimoja, ungeanza na kipi? Mfano wa Uganda na wa Porto Alegre unakusaidiaje kujibu?

4. Umoja wetu ukiruhusu asilimia 10 ipigiwe kura, ni kanuni gani ziwekwe ili wanafunzi wenye ulemavu, na wale wa vitivo vidogo, wasimezwe na wengi?